Kinachotafuna Boriti za Bimdogo

Ndia Kuu, Mombasa
Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Mama Bimdogo,

Shikamoo. Natumai ulifika Tanga salama, na kwamba binti yako Mwanakombo na mtoto wake mchanga hawajambo. Uliniagiza nikuandikie barua badala ya kupiga simu, kwa kuwa simu ya huko husikizwa na ukumbi mzima. Basi hii ndiyo ya kwanza. Nimeiacha afisi ya basi pamoja na miwani uliyoisahau juu ya friji.

Hapa sote wazima, mimi, paka wako na Jaffar. Huyu mtoto wa kaka yako alihamia chumbani kwako siku ile ile uliyoondoka. Anasema haifai nyumba ya shangazi yake kulala bila mwanamume wa ukoo. Mimi, baada ya mwaka mzima wa kulala humu, nimejifunza kuwa sikuhesabiwa.

Sijali. Ninalojali ni nyundo. Tangu Alhamisi anazunguka nyumba nzima akigonga boriti za dari moja baada ya nyingine, anaweka sikio, anatikisa kichwa, anaandika kitu daftarini. Jana alishuka chumbani kwangu, akapanda kitandani kwangu na viatu vyake, akagonga zile boriti zilizo juu ya mto wangu. Nikamwuliza anatafuta nini. Akanijibu, "Wewe lala tu, ndugu yangu." Ilikuwa saa kumi jioni.

Mimi nasumbuliwa kidogo na taya. Naamka asubuhi kichwa kimenibana kama nimevaa kofia ya mtoto, na jino moja la nyuma limeingia ufa bila kuuma chochote kigumu. Huko kazini Kilindini nashika shavu siku nzima. Mteja mmoja ambaye kontena lake limekwama wiki tatu alidhani namlilia, akanipa pole, akaenda zake bila kunitukana. Kesho nakwenda kwa daktari wa meno.

Paka amekula samaki wa Jaffar. Niliona, sikumzuia.

Mpangaji wako,
Mutunga


Tanga
Ijumaa, 11 Oktoba 2024

Kwako mwanangu Mutunga,

Marahaba. Baada ya salamu nyingi, sisi huku hatujambo. Mzazi anakula, mtoto anapiga kelele, na mkwe wangu anazunguka ndani ya nyumba yake mwenyewe kama mtu aliyekuja kusoma mita ya stima. Arobaini ikitimia katikati ya Novemba nitarudi, insha'Allah.

Sasa haya yanayofuata yasome ukiwa peke yako.

Jaffar anatafuta wadudu wanaokula mbao, na wadudu wapo. Nimewasikia kwa masikio yangu. Tangu mwaka jana, kila nikilala na mtaa ukatulia, nasikia chini ya sakafu yangu krrr, krrr, kitu kinatafuna. Kinatafuna, kinapumzika, kisha kinatafuna tena kama kilichoambiwa chakula kinaondolewa. Mwaka mzima sijapata usingizi wa kuitwa usingizi. Nalala nimekodoa macho, nikiwaza ni boriti gani leo.

Sikumwambia mtu, nawe wajua kwa nini. Jaffar ana mnunuzi wake anayetaka kuigeuza nyumba hoteli ya wageni, na kila akinijia nalo namjibu neno moja: nyumba yangu ni nzima, siuzi. Nimezaliwa humo, nimeolewa humo, mume wangu na mamangu wametolewa humo wakaenda kuzikwa. Lakini akishajua kuwa inaliwa, nitamjibu nini? Mimi mwenyewe naogopa nisije nikakuangukia wewe, na kitanda changu, na kabati la marehemu.

Nakuomba jambo moja. Kesha usiku mmoja usikize, kisha uniambie kweli. Wewe ndiye uliye chini yao.

Kuhusu taya, weka karafuu. Na Mungu akuweke, maana mpangaji kimya kama wewe sijapata. Yule Oliver aliyekuwa chumba hicho kabla yako alikuwa akikoroma. Pale pembeni ya kitanda pana tundu la bomba la zamani linalotokea kwangu, basi kila alichokoroma nilikipokea. Nilimvumilia siku sita, ya saba nikamwambia atafute pengine.

Mamako,
Bimdogo


Ndia Kuu, Mombasa
Jumanne, 15 Oktoba 2024

Mama Bimdogo,

Shikamoo. Nimefanya ulivyoniagiza. Jumamosi nilikesha. Nilikaa kitini nimeegemea ukuta, na chupa ya chai ya tangawizi, mpaka alfajiri. Nilisikia paka. Nilisikia bomba la jirani. Nilimsikia Jaffar juu akigeuka na kujikuna. Sikusikia kitu chochote kikitafuna, hata kidogo. Jumapili nikakesha tena ili nisije nikakudanganya. Kimya.

Kwa hivyo Mama, tulia. Nyumba ni nzima. Huenda ulikuwa ukisikia mabomba, au moyo wako tu kwa sababu ya Jaffar.

Jana nililala kwa sababu macho yalikuwa yamekataa. Asubuhi nikamkuta Jaffar ngazini, ananiangalia kama daktari mwenye habari mbaya. Akasema jana usiku wametafuna kuliko siku zote. Nikamwambia mimi siku mbili nimekesha sikusikia. Akasema, "Wanakujua."

Daktari wa meno ni Daktari Sheryl, mwanamke mpole mwenye mkono mzito. Amesema ni mambo ya taya tu, yanawapata watu wengi wenye kazi za kufikiri. Alitia kitu kama ugali usioiva kwenye kibakuli cha chuma, akanitia kinywani, nikauma, nikakaa hivyo na mate yakinitiririka mbele ya msaidizi wake. Atanitengenezea kifaa fulani. Si kitu cha kukushughulisha.

Mutunga


Ndia Kuu, Mombasa
Ijumaa, 18 Oktoba 2024

Kwa Shangazi yangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Nakuandikia kwa kalamu kwa kuwa jambo hili ni zito.

Shangazi, nyumba inaliwa. Nimelala chumbani kwako siku kumi na tano, nimehakikisha. Wanaanza mtu akishaingia usingizini na hukoma alfajiri. Wako chini ya sakafu yako, upande wa chumba cha yule mpangaji. Na si wadudu wa kawaida, wana akili. Nikigonga sakafu kwa nyundo wananyamaza papo hapo. Nikilala, wanaendelea. Nimejaribu mara tisa.

Nilimwita fundi Chirau atazame. Alipanda, akatoboa hapa na pale, akasema haoni tundu wala unga wa mbao. Nikamwambia wadudu wasioacha unga ndio wabaya. Akasema hajawahi kusikia hao. Nikamwambia ndiyo maana nyumba za watu zinaanguka.

Mpangaji wako anasema hasikii kitu, wala simlaumu, kwani analala kama gogo. Siku nyingine nagonga sakafu mpaka namsikia anaamka akisema "Nani?"

Jumatano nilirekodi sauti yao kwa simu. Leo namtumia Mwanakombo. Sikiza mwenyewe, kisha uniambie kama nasema uongo. Mimi sikulazimishi, Shangazi. Mimi naogopa nisije nikakuzika chini ya mawe yako mwenyewe. Mnunuzi bado anaitaka, lakini naye si mtu wa kungoja.

Mwanao,
Jaffar


Tanga
Jumatatu, 21 Oktoba 2024

Mutunga,

Nimeisikia. Mwanakombo alifungua simu mbele ya wote, hata mtoto akanyamaza. Ndiyo yenyewe. Krrr ile ile, na kupumzika kule kule. Nililia, sikuona haya.

Wewe ulinidanganya ili unipoze moyo. Najua ulikusudia wema, lakini usinifanyie tena. Mimi si mtoto wa kufichwa ugonjwa.

Nimemwambia Jaffar amjibu mnunuzi wake. Nikirudi nitatia saini. Nitakwenda kukaa kwa Jaffar kule Kisauni, kwenye nyumba yake ya vigae inayoteleza. Wewe anza kutafuta chumba, ingawa moyo wangu hautaki kukwambia hivyo.

Jana usiku niliota niko barazani, na mtu nisiyemjua anatoka mlangoni kwangu na taulo begani, ananiuliza kama mimi ni mfanyakazi.

Bimdogo


Ndia Kuu, Mombasa
Ijumaa, 25 Oktoba 2024

Mama Bimdogo,

Shikamoo. Tafadhali usitie saini chochote. Wadudu wamekwenda!

Jaffar alinisikizisha ile sauti Jumatatu jioni. Niliposikia nilishika shavu, nikaenda kukaa. Na tangu Jumanne hakuna sauti tena, muulize yeye mwenyewe. Jumanne kimya, Jumatano kimya, jana kimya. Sijui walikwenda wapi. Labda walikuwa wapita njia. Labda zile nyundo zimewachosha. Dunia ina mambo mengi, Mama, lakini mimi naweza kukuapia kwamba hawatarudi, na usiniulize najuaje.

Kifaa changu kimekuwa tayari siku hiyo hiyo ya Jumanne. Ni sawa tu.

Mutunga


Ndia Kuu, Mombasa
Jumatatu, 28 Oktoba 2024

Kwa Shangazi yangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Mpangaji wako anaonea fahari kimya cha wiki hii. Ni kweli, hawasikiki. Nami ndipo nilipoogopa zaidi.

Nimeuliza kwa watu. Mzee mmoja pale sokoni Marikiti, ambaye mjomba wake alikuwa seremala, ameniambia wazi: wakinyamaza ujue wamemaliza nje, sasa wamo ndani ya kiini, kwenye mbao laini, wanakula bila sauti kama watu wanaokula mkate wa kumimina. Shangazi, hatuna siku nyingi. Nimehamishia godoro langu karibu na mlango. Mnunuzi anakuja Jumatatu tarehe 18 Novemba na karatasi zake.

Jambo jingine, na hili ni la siri. Yule mpangaji wako hana meno. Nilishuka asubuhi kutazama boriti zake, nikayaona kwenye glasi ya maji dirishani, safu nzima ya juu. Mtu ana miaka thelathini na minne! Nilijifanya sikuona.

Mwanao,
Jaffar


Tanga
Jumatano, 30 Oktoba 2024

Mwanangu Mutunga,

Nimekuletea kwa basi mkate wa kumimina na vitumbua laini, na chupa ya uji wa mtama, utie sukari mwenyewe. Kula pole pole. Sitaki kukuuliza kitu. Mume wangu naye yalimtoka akiwa kijana, na alikuwa mwanamume hodari hata hivyo.

Kuhusu nyumba, Jaffar amenieleza maana ya kile kimya. Basi ndivyo ilivyo. Tarehe 18 mnunuzi anakuja. Nakushukuru kwa kunitakia mema. Ukimwona mtu anataka kabati kubwa la mninga, mwambie.

Mamako,
Bimdogo


Ndia Kuu, Mombasa
Jumamosi, 2 Novemba 2024

Mama Bimdogo,

Shikamoo. Vitumbua nimevila, nimeshukuru, lakini sikuvielewa.

Mama, nina jambo la kukwambia na nimelichelewesha mno. Hakuna wadudu. Hawajapata kuwako. Ile sauti ni mimi.

Mimi nasaga meno usingizini. Daktari Sheryl alinieleza tangu siku ya kwanza, nami nikakuficha. Alifungua mdomo wangu, akasema meno ya nyuma yamelika kama ngazi ya msikiti wa zamani, na misuli ya taya imevimba kwa kubana usiku kucha. Akaniuliza, "Mwenzako chumbani hajakwambia? Sauti yake huamsha watu." Nikamwambia nalala peke yangu. Sikujua kwamba nalala chini ya tundu la bomba.

Hesabu mwenyewe. Wadudu walianza mwaka jana, mwezi niliohamia. Nilipokesha siku mbili hawakula. Nilipolala walikula. Jaffar akigonga mimi naamka, ndio ile akili yao. Na tangu Jumanne ile nalala na kinga: kiplastiki kigumu cha kuvaa meno ya juu, ili ya chini yakija kusaga yakute pa kuteleza. Siku za kwanza nilikuwa nikitoa udenda kama ng'ombe, na salamu ya "lala salama" siwezi kuitamka nikiwa nayo. Lakini sauti imekoma. Niliposikia ile rekodi ya Jaffar nilijua mara moja, maana taya ilinicheza yenyewe.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu ya Oliver. Yeye kwa kukoroma tu alipewa siku sita. Mimi nimekunyima usingizi mwaka mzima. Hiki ni chumba changu cha sita Mombasa, Mama. Katika vile vitano hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini nimechelewa kazini. Kwako, usiku nilioshikwa na makaratasi bandarini, nilikuta sahani imefunikwa ngazini na barua juu yake kwamba nisile nikiwa nimesimama. Nikaogopa kuondolewa. Daktari aliponiuliza ni wasiwasi gani unaonibana taya, nilimwambia makontena. Nilimdanganya na yeye.

Nifukuze ukitaka, ni haki yako. Ila nyumba yako usiiuze kwa sababu ya meno yangu.

Mutunga


Tanga
Jumatatu, 4 Novemba 2024

Mutunga mwanangu,

Barua yako imeniliza kuliko ile rekodi. Nimemsomea Mwanakombo, naye akalia, na mkwe wangu akatoka nje akajifanya anaangalia tairi.

Mtu mzima, mwenye kazi na heshima yake, ajisingizie aibu kama hiyo ili amwokolee mwanamke mzee nyumba! Sijazaa mtoto wa kunifanyia hivyo, Mungu anisamehe na Mwanakombo asione. Wema wako nimeupokea wote. Lakini mimi sikubali kuponea kwenye uongo, hata uwe mzuri namna gani.

Tena uongo wenyewe hukuupanga vizuri. Meno mimi nayajua. Nimelea watoto watano. Mtoto akisaga meno ana minyoo, wampa dawa, siku ya tatu amenyamaza. Na sauti ya mtoto ni ndogo. Ile niliyoisikia mimi ni ya kitu chenye njaa. Hakuna mdomo wa binadamu wa kutoa sauti ile mpaka juu ya dari.

Na la mwisho, mwanangu, usinikasirikie kulisema: wewe huna meno. Jaffar ameyaona ndani ya glasi. Mtu asiye na meno atasaga nini?

Tafuta chumba, nami nitakuombea.

Mamako,
Bimdogo


Ndia Kuu, Mombasa
Jumatano, 6 Novemba 2024

Mama Bimdogo,

Shikamoo. Meno ninayo yote, isipokuwa lile moja lenye ufa. Alichokiona Jaffar ni hiyo kinga. Huwekwa majini ikioshwa.

Jumamosi nitavuka mpaka nije Tanga na meno yangu. Kinga nitaiacha Mombasa. Nitalala ukumbini kwenu usiku mmoja, na nyote msikize.

Mutunga


Ndia Kuu, Mombasa
Jumatatu, 11 Novemba 2024

Mama Bimdogo,

Shikamoo. Nimefika salama jana alasiri. Nawashukuru kwa ukarimu wenu, kwa kuku, kwa godoro, na kwa kunionyesha mtoto. Ana mikono mikubwa, atakuwa mtu wa kazi.

Naandika kukuomba radhi kwa kukusumbua bure. Nilifika nikiwa na hakika, lakini ni wazi kwamba sikusaga. Huenda ni godoro, huenda ni hewa ya Tanga. Nililala fofofo. Asubuhi nilipokuja mezani niliwatazama nyote usoni nikingoja mtu aseme neno, na hakuna aliyesema. Mkweo aliniuliza kama nimelala vizuri. Nikamwambia vizuri sana. Akasema, "Alhamdulillahi," akakitazama kikombe chake kwa muda mrefu. Mwanakombo alinipa chapati tano. Wewe ulinisukumia asali. Macho yenu yalikuwa mekundu, nikajua mtoto amewanyima usingizi, nikaona aibu kuuliza.

Sina ushahidi mwingine, Mama. Jaffar ameshanunua kalamu mpya kwa ajili ya saini yako. Leo nimetazama chumba Changamwe. Kina dirisha moja, linatazama ukuta. Mwenye nyumba hakuuliza jina langu. Nimemwambia nitamjibu Ijumaa.

Nasikitika kuliko ninavyoweza kuandika.

Mutunga


Tanga
Jumanne, 12 Novemba 2024

Mwanangu Mutunga,

Usimjibu mtu wa Changamwe. Barua hii nimemkabidhi dereva mkononi, nikamwapiza aifikishe leo leo.

Ulisaga, mwanangu. Ulisaga!

Ulitaka tukwambie mezani, mbele ya chapati? Wewe ni mgeni, umelala kwa watu mara ya kwanza, tukufungulie kinywa kwa ulichofanya mwili wako usingizini? Hata Mwanakombo, ambaye hana breki za ulimi, aliuma mdomo wake. Nilidhani wajua mwenyewe, na kwamba umetuaga haraka kwa haya. Nikasema nitakuandikia taratibu. Laiti ningejua umepanda basi ukidhani umelala kimya.

Kwanza, ulipouvunja ule mfupa wa kuku kwa meno nikamtazama Mwanakombo, naye akanitazama. Hapo la meno ya bandia likafa.

Kisha tukalala. Haikufika hata nusu saa. Krrr. Nikaketi kitandani. Krrr, krrr, na kupumzika. Mwanakombo akamkumbata mtoto, akapiga kelele, "Mama! Kitu gani hiki chatafuna?" Mkwe wangu akatoka na tochi na fimbo ya pazia, akamulika juu kwenye dari, akamulika nyuma ya kabati, akamulika chini ya jiko. Nyumba yake ni ya matofali na bati, Mutunga, haina boriti hata ya dawa. Akaja mpaka juu ya kichwa chako, akakumulika kinywani, akasimama pale na fimbo yake kama mlinzi wa benki. Jirani wa ukuta wa pili akagonga, akauliza kama tunasaga nafaka saa hizi. Mimi nikawaambia wote, "Ni mgeni yuwalala. Rudini ndani."

Jaffar nimempigia simu leo asubuhi, hadharani, nikiwa nimeweka sauti ya wote kusikia. Nimemwambia wadudu wake wamekuja Tanga, wamelala kwenye godoro, wamekula kuku, wamepanda basi wakarudi. Amesema huenda wapo wadudu na meno pia. Nikamwambia kalamu aliyonunua amwandikie mnunuzi kwamba Bimdogo hauzi, si tarehe 18, si mwaka huu, na asiulizwe tena nikiwa hai. Atatoka chumbani kwangu kesho. Godoro lake lirudi mlangoni kwake Kisauni.

Wewe chumba chako ni chako. Oliver sikumtoa kwa kukoroma peke yake, alikuwa akinijibu vibaya, nami sikukwambia yote. Mtu anayebana taya kwa kuogopa kufukuzwa kwangu, mimi nimfukuze, niseme nini kwa Mungu? Lile ulilomficha daktari wako nenda ukamwambie, ni kazi yake kulijua. Kinga uivae, usiiweke dirishani watu wakaiona, na mkate laini nitauleta hata kama una meno ya simba.

Nami nitakwambia jambo moja ambalo sikumwambia mtu hapa. Wenzangu katika nyumba hii hawakulala usiku ule. Mkwe wangu alikaa na tochi mpaka ikafa betri. Mwanakombo alimtia mtoto pamba masikioni. Mimi nilisimama mlangoni mwa ukumbi kidogo, nikasikiza sauti ile ile iliyoninyima usingizi mwaka mzima, nikaona inatoka kinywani mwa mtu, na nyumba yangu iko Ndia Kuu imesimama, haina kinachoitafuna. Nikarudi kitandani, wewe ukisaga kwa nguvu zako zote, nikavuta shuka, nikalala mpaka alfajiri.

Mamako,
Bimdogo